Njia ya Likasi na wimbo wetu wa reli

Asubuhi niliyoondoka Élisabethville sikuwa na mpango wowote. Niliamka, nikanywa chai, nikafunga blanketi na mpira mmoja wa ngozi uliochakaa ndani ya gunia, nikaenda stesheni. Treni iliyosimama pale ndiyo iliyonichagulia upande. Kama ingekuwa inakwenda Sakania, ningekwenda Sakania. Ilikuwa inakwenda Bukama, basi nikapanda. Karani wa tiketi aliniuliza nakwenda kufanya nini huko. Nikamwambia nitajua nikifika. Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyekata kamba.

Nitarudi kwenye treni hiyo. Kwanza nataka kusema na ninyi, vijana mnaocheza basketi kule Naviundu. Jumapili mlikuja kwangu, mkakaa kwenye mkeka, mkaniambia timu yenu imevunjika. Warefu wamehama, waliobaki wanalaumiana, na kiongozi wenu anasema dawa ni moja: mpite njia ileile waliyopita mabingwa. Mkaniuliza, "Mzee, iko kweli?" Mimi nikacheka na kuwapa karanga. Hamkupata jibu. Jibu lilikuwa refu, na mlikuwa na haraka ya kwenda mazoezini.

Mimi si msomi. Shule ya misheni ya Lukafu niliiacha kabla sijajua vizuri kugawanya, kwa sababu mafundi wa daraja walipita kijijini na nilitaka kuona daraja linavyoanza kusimama katikati ya maji. Niliwafuata. Nilipokwisha kuona hilo, nikataka kuona jambo jingine. Nimechoma matofali, nimepasua mbao, nimepika kwenye nyumba za mafundi. Katika basketi niliingilia mlango wa udongo.

Padri wa kambi ya reli, Mupe kama tulivyowaita mapadri wote, alitaka kiwanja kwa ajili ya wafanyakazi. Alikuwa na mpira, alikuwa na pete mbili za chuma alizomtengenezesha mhunzi, ila hakuwa na mtu wa kumtengenezea ardhi. Mtu akamwambia kuna mzururaji mmoja anajua udongo wa kichuguu, kwa kuwa amechoma nao matofali. Akaniita.

Sikilizeni hapa, huenda siku moja mkalihitaji hili. Udongo wa kichuguu ndio saruji ya maskini, lakini chagua kichuguu kilichokufa. Mimi mara ya kwanza nilichukua kilicho hai, kwa sababu kilikuwa karibu. Tulisaga, tukachunga, tukachanganya na mchanga kidogo, tukamwagia maji jioni, tukaviringisha juu yake pipa lililojaa mawe mpaka kisigino cha mtu kikawa hakiachi alama. Kiwanja kizuri. Mvua ya kwanza iliponyesha, mchwa wakarudi kwao. Katikati ya kiwanja kikaota kilima kidogo. Wachezaji wetu wakazoea kukizunguka, na timu moja ya wageni ilicheza mchezo mzima ikikizunguka vilevile, ikidhani ni sheria mpya ya Mupe.

Nilibomoa, nikaanza upya kwa kichuguu kilichokufa. Safari hii kikakaa. Ila kumbukeni jambo moja kuhusu kiwanja cha namna hiyo: mpira hurudi juu kivivu. Ukiuangusha kutoka kifuani, unarudi gotini na kufikiri.

Nilikuwa nakaa pembeni kila alasiri kulinda udongo wangu, na mdomo wangu haukutulia. Kwa nini unatupa kwa mkono huo? Kwa nini wote mnakimbilia upande mmoja? Siku moja Kalenga, kapteni wa timu, alichoka.

"Mutembezi, weye maneno mingi sana. Ingia basi mu kiwanja, utufundishe."

Alisema kwa mzaha. Mimi nikaingia. Nilibaki humo kwa miaka mingi kuliko nilivyowahi kubaki mahali popote.

Kalenga alikuwa mtu wa reli. Kazi yake na ya wenzake ilikuwa kutandika vyuma njiani, na katika kundi lake yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji. Mtu mfupi, mabega kama mlango. Shemeji yake, Ilunga, ndiye aliyekuwa mrefu wa kambi nzima. Kalenga alimwoa dada yake. Siku hizo Ilunga akisimama chini ya kikapu, na Kalenga akimtafutia mpira, tulikuwa timu. Wanawake walikuja na watoto mgongoni, wazee walikuja na viti. Hata Mupe alisahau kengele ya kanisa siku moja.

Kisha Ilunga akapata kazi Likasi, ambako Wazungu walikuita Jadotville, kwenye tanuru za shaba. Akaenda, na wengine wawili wakamfuata. Timu ikaanguka kama nyumba iliyotolewa nguzo ya kati. Mbaya zaidi, timu ya Likasi ndiyo iliyokuwa bingwa, na shemeji yetu sasa alivaa jezi yao.

Mupe alikuja kutuambia jambo lililomkaa moyoni. Wakubwa wa reli walikuwa wanatafuta mahali pa kupanga mbao za njia, zile za kulazia vyuma, na kiwanja chetu kilikuwa tambarare na karibu na mstari. "Mkimaliza wa mwisho tena," akasema, "sitakuwa na neno la kuwaambia. Watasema ni uwanja wa bure." Hakutukaripia. Aliangalia ule udongo jinsi mtu anavyomwangalia mgonjwa.

Hapo ndipo Baba Ngoie, karani wa stoo na mwenyekiti wa timu, alipofunga safari kwenda Likasi kuwachungulia mabingwa. Alirudi na uso uliong'aa.

"Njia iko moja tu," alituambia. "Batu ba Likasi balianzaka chini sawa siye. Balifukuza bazee, bakachukua barefu, bakafundisha mbio. Balipigwa mwaka muzima, kisha bakakuwa mabingwa. Siye tutafanya vilevile, hatuachi hata kintu kimoja."

"Na Ilunga ingine tutamupata wapi?" Kalenga akauliza.

"Tutamutengeneza."

Basi tukatengeneza. Tulimchukua mpishi mmoja mrefu kuliko mlango wake, ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kuuogopa mpira. Ukimrushia, aliinama kwa heshima. Likasi walicheza kwa kukimbia na mpira wakiudundisha, nasi tukaanza kukimbia na kudundisha. Lakini kiwanja cha Likasi kilikuwa cha makapi ya tanuru, yale mawe meusi yanayobaki shaba ikishatoka, yamesagwa na kukandamizwa. Kigumu kama sufuria. Kwao mpira hurudi mkononi wenyewe. Kwetu mchezaji alifika kikapuni peke yake, mpira ukiwa umebaki nyuma unafikiri.

Baba Ngoie aliona pia kwamba Likasi hawali bukari, yaani ugali, siku ya mchezo. Hunywa munkoyo tu, ule uji mwepesi wa mahindi. Sisi nasi tukanywa munkoyo tu. Alisahau kwamba wale walikuwa wakipewa mapumziko siku hiyo, na wetu walikuwa wametoka kubeba chuma tangu alfajiri. Mmoja alikaa chini katikati ya mchezo na kuomba aitiwe mke wake.

Mnacheka. Nami nilicheka, mpaka jioni moja nikamkuta Baba Ngoie amesimama peke yake kando ya kiwanja, kofia mkononi. Nilikuwa nimepanga kumwambia maneno makali.

"Mutembezi," akasema kabla sijafungua mdomo, "mi sitake kombe. Minataka kuona tena vile tulikuwaka."

Tangu siku hiyo sijapata kumcheka mtu anayeiga. Watu hudhani timu huiga nyingine kwa ujinga. Mimi nasema huiga kwa hamu. Mtu amepoteza kitu alichokipenda, hakioni kwake, anakiona kwa jirani kinang'aa, basi anafuata nyayo za jirani akitumaini zitamrudisha nyumbani.

Tulibakiza mechi chache, na ya mwisho ilikuwa dhidi ya Likasi wenyewe, kwetu. Hesabu ilikuwa wazi hata kwangu niliyeshindwa kugawanya: tusipowapiga, sisi ni wa mwisho, na mbao zinakuja.

Wiki hizo nguzo moja ya kikapu ikaoza kwa mchwa. Mupe akaomba kipande cha reli kuukuu, tukisimamishe badala yake. Wachezaji wote wakaenda kukichukua, nami nikafuata nyuma, kama kawaida yangu ya kufuata. Hawa walikuwa watu ambao dakika chache kabla walikuwa wakigongana kiwanjani na kutukaniana mama. Wakainama kando ya chuma. Kalenga akaimba:

"Chuma iko nzito ya nani?"

"Ya siye bote," wakajibu, na kile chuma kikapanda mabegani kama unyoya.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mmoja alijua bega la mwenziwe liko wapi. Walipofika kwenye shimo, Kalenga alibadilisha neno moja tu ndani ya wimbo, badala ya "nzito" akaimba "chini", na wote wakashusha kwa pamoja. Njiani mmoja, Mwape, mguu wake ulikuwa umeingia chini ya ncha. Kalenga, bila kukata wimbo, akaimba, "Mwape, mguu," na Mwape akaruka nyuma hata kabla ya kufahamu kwa nini. Nikamuuliza Kalenga baadaye. Akaniambia hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi ya reli. Ukisikia jina lako ndani ya wimbo, unaruka kwanza, unauliza baadaye. Wasiojua kuruka hawana vidole.

"Kalenga," nikasema, "imba tena. Lakini safari hii shikeni mpira."

Walidhani jua limenipiga. Tukajaribu. Kila jibu la wimbo, mpira unatoka mkono kwenda mkono, hauguswi na ardhi. Ule udongo wetu mvivu ukawa hauna kazi tena ila kushika miguu. Akiimba "chini", aliye karibu na kikapu anatupa. Mpishi tulimrudisha jikoni kwake, akatushukuru kwa sahani ya maharage. Tulirudisha wazee wawili wa kundi la Kalenga, wenye mvi, waliokuwa wamefukuzwa kwa sababu Likasi walifukuza wazee wao.

Baba Ngoie alikaa mbali siku mbili, kisha akaja. "Hii haiko njia ya Likasi," akasema.

"Hapana, baba."

Akasikiliza. Akaanza kuitikia kwa sauti ya chini, na sauti yake haikuwa mbaya.

Siku ya mechi kambi nzima ilikuwa pale. Ilunga alishuka na wenzake, akamsalimu dada yake, akamsalimu Kalenga.

"Shemeji, bado uko mufupi?"

"Nakungojea uiname, shemeji. Uliyenda mbali sana, shingo yako ilirefuka na kutazama nyumbani."

Ilunga akacheka, lakini aliangalia kile kiwanja muda mrefu.

Mwanzo ulikuwa wetu. Likasi hawakuelewa; walikimbia kuufuata mpira, nao mpira ulikuwa umeshaondoka. Watu pembeni waliitikia wimbo, na sauti ya kambi ikawa kama treni inayopanda kilima. Kisha nikaona jambo ambalo nilipaswa kulifikiria tangu mwanzo. Midomo ya Ilunga ilikuwa inaitikia. Alikuwa amebeba chuma na watu hawa miaka mingi. Kalenga akaimba "chini", na kabla mtupaji hajanyoosha mkono, Ilunga alikuwa ameshafika. Akaupokonya. Mara ya pili vilevile. Likasi wakatufikia, tukawa sawa, na muda ulikuwa unaisha.

Sikuwa na shauri lolote. Nawaambia hivi ili mjue: mwalimu wa timu, saa ya mwisho, ni mtu aliyekaa tu kama wengine. Nilimtazama Mupe, Mupe alikuwa anatazama udongo.

Mpira ulikuwa kwetu. Ukazunguka mkono kwa mkono, na Ilunga amesimama chini ya kikapu, mikono juu, anangoja neno. Kalenga alivuta pumzi. Akaimba, kwa sauti ileile ya kazini:

"Ilunga, mguu."

Na Ilunga akaruka nyuma.

Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hakuona. Mtu mzima, bingwa, na jezi ya Likasi kifuani, aliruka nyuma kuokoa vidole vyake kutoka chuma ambacho hakikuwapo. Njia ikafunguka, Mwape akatupa, mpira ukaingia. Filimbi ikalia muda mfupi baadaye.

Likasi walilalamika, na mwamuzi akatafuta katika kichwa chake sheria inayokataza kuimba jina la mtu, akaikosa. Ilunga hakulalamika. Alikuwa amekaa chini kwenye udongo wangu, anacheka, na machozi yanamtoka. Kalenga akaenda kumwinua.

"Shemeji, ulinidanganya."

"Sikukudanganya. Mi nilikuita tu."

Ilunga akabaki amemshika mkono. "Ku Likasi tunashinda kila siku," akasema. "Lakini hakuna muntu anaimba jina yangu."

Kiwanja kilibaki. Mbao zilipangwa kwingine. Hatukuwa mabingwa mwaka ule wala mwaka uliofuata, na hila ile ya jina ilifaa mara moja tu maishani. Lakini wazee walirudi na viti vyao.

Msifikiri nawaambia msiwatazame mabingwa. Watazameni sana. Mimi nilichukua mengi Likasi: wao ndio walionifundisha kupaka mpira mafuta ya kondoo wakati wa mvua ili ngozi isivimbe, na kumchezesha kwanza yule aliyekosea jana. Shoka unaweza kuazima kwa jirani. Mkono huwezi. Baada ya sisi, timu ya makarani mjini ilisikia kwamba kuimba kunaleta ushindi, nayo ikaanza kuimba. Hawakuwa wamewahi kubeba kitu pamoja, basi walichagua wimbo wa kanisani, na kutupa mpira kila ubeti ulipoisha. Ubeti ulikuwa mrefu. Walinyang'anywa mpira wakiwa bado kwenye sifa za Bwana.

Ninyi wa Naviundu, mmoja wenu anasukuma kigari cha makaa, wengine wawili wanafyatua matofali mtoni, yule mwembamba anasoma chuo cha Kasapa na kupanda basi kila siku. Sijui miili yenu imejifunza nini pamoja. Huenda bado haijajifunza kitu. Lakini kabla ya kuwaendea mabingwa, kaeni kiwanjani mwenu, mjiulize mnamkosa nani. Semeni jina lake. Mkilisema, mtajua kama mnataka kujenga timu au mnataka tu mtu fulani arudi. Yote mawili si aibu, ila hayajengwi kwa udongo mmoja.

Sasa treni.

Kwa nini niliondoka mahali nilipopendwa, hata mimi sijui. Kiwanja kilikuwa salama, timu ilikuwa inajua kwenda bila mimi, na miguu yangu ikaanza kuwasha kama kawaida yake. Sikuaga mtu. Lakini kambini habari hukimbia. Treni ilipokuwa bado inakwenda polepole nje ya mji, tulipita kundi la Kalenga kazini, wamesimama kando ya mstari kutupisha. Nilikuwa nimekaa mlangoni, mguu mmoja nje. Kalenga akaniona. Hakupunga mkono. Akaimba:

"Mutembezi, mguu."

Nikaurudisha mguu ndani kabla sijajua nimefanya nini. Walicheka wote. Nilipochungulia tena walikuwa wameshainama kwenye chuma. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyowaona wakiwa pamoja.

Bukama nilifika alasiri. Nilishuka mpaka mtoni, kwa sababu nilitaka kuona meli za Lualaba. Mama mmoja aliyekuwa akikausha samaki, Mama Kapinga, mjane, aliona gunia langu na umbo la mpira ndani yake.

"Baba, hiyo iko tikiti ao iko kichwa ya muntu?"

"Ni mpira, mama. Wa basketi."

"Unatoka Élisabethville? Ya bale banaimba?" Akamwita kijana wake aliyekuwa akipakua mizigo gatini. "Kabwe, kuya. Muntu ya wimbo amefika."

Kabwe akaja anakimbia, jasho kifuani. Walikuwa na timu, akasema, ilivunjika. Walikuwa wamesikia habari zetu. "Yaya," akaniita, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, "utufundishe ule wimbo. Leo hii. Tutaimba vilevile, hatuachi hata neno moja."

Mama Kapinga alinipa chumba nyuma ya nyumba, chenye kitanda cha kamba na dirisha lililotazama gati. Niliweka mpira kwenye mto. Kabwe alikuwa bado mlangoni, anangoja. Wimbo ulikuwa umenijaa mpaka kooni. Kama ningeufungulia mdomo, jioni ile ningesikia watu wakiitikia "ya siye bote", na ningeweza kufumba macho na kumweka kila mmoja mahali pake, Mwape, wale wazee wenye mvi, Baba Ngoie na sauti yake ya chini. Sijawahi kutaka kitu namna ile.

Nilikaa kwenye kitanda, nikatazama nje. Wapakuaji walikuwa wamejipanga kutoka meli hadi stoo, magunia ya samaki yakirushwa kutoka mtu hadi mtu, haraka, bila hata moja kuanguka. Hakuna aliyefungua mdomo. Walitazamana machoni tu, na gunia lilikuwa limeshafika.

"Utalala hapa siku ngapi, baba?" Mama Kapinga akauliza, akiniwekea maji ya kunawa.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Mpaka nijue kwa nini hawa hawaimbi."